Kutunzwa Bila Deni

Katika mahari ya pwani kuna fungu liitwalo mkaja. Si fungu kubwa, na siku hizi wengi hulitaja kwa mazoea tu washenga wanapohesabu fedha, lakini asili yake ni nguo: ule mkanda aliofungwa tumboni mama wa binti siku alipojifungua. Kijana anayekuja kuoa anapotoa mkaja, anamtambua mwanamke mmoja kwa uchungu alioupata miaka ishirini au thelathini nyuma, na kwa siku arobaini alizokaa ndani akikandwa, akilishwa na kulazwa na wanawake wenzake. Nalipenda fungu hili kuliko mengine yote kwa sababu linakumbuka kwamba mwili ule uliumia, na kwamba walikuwepo watu walioutengeneza.

Arobaini yenyewe haijafa. Tanga, Kilwa, Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu, mwanamke aliyetoka kujifungua bado huitwa mzazi, na mzazi ana cheo chake. Hapiki, hafui, habebi ndoo. Asubuhi na jioni maji yanachemshwa. Mkandaji, ambaye aghalabu ni mama yake, shangazi yake au jirani mwenye mkono mzuri, anachovya taulo, analikamua mpaka liache kudondoka, analijaribu kwanza juu ya mkono wake mwenyewe, ndipo analilaza kiunoni kwa mzazi na kulikandamiza taratibu kwa viganja viwili. Mzazi anaguna. Mkandaji anasema "tulia mwanangu", kisha anachovya tena. Baadaye tumbo linafungwa, mzazi anajinyoosha kitandani, na bakuli la uji wa pilipili manga linamfuata huko huko alikolala. Mchana ni supu ya kuku wa kienyeji au ya pweza; kwa wenzetu wa Kilimanjaro ni mtori wa ndizi na nyama. Wakunga wa hospitali wana maonyo yao juu ya maji ya moto kupita kiasi, hasa kwa mwenye mshono, na wasikilizwe.

Kinachonigusa mimi zaidi ya maji na uji ni kwamba hakuna anayemuuliza mzazi kama anastahili. Hatakiwi kueleza kwa nini amechoka. Hatakiwi kushukuru kila bakuli. Mtu mzima, ambaye wiki moja nyuma alikuwa akiendesha nyumba nzima, anaogeshwa na kulishwa mbele ya macho ya watu, na hakuna anayemwita mvivu wala anayemwambia anajidekeza. Watoto wakubwa wanafukuzwa mlangoni: "Mwacheni mama apumzike." Kisha inafika siku ya arobaini na moja. Anaingia jikoni, na ruhusa ile inakwisha. Wengi hawaipati tena mpaka mimba nyingine, au mpaka siku watakapolazwa wodini.

Hapo ndipo penye swali langu. Tunaujua utaratibu wa kumrudisha mtu aliyepungukiwa nguvu, na tunaujua vizuri. Mbona tumeufungia katika uzazi na msiba peke yake? Mwalimu aliyefundisha mwaka mzima darasa la watoto tisini hana arobaini. Muuguzi aliyefunga macho ya wagonjwa watatu katika zamu moja hana arobaini. Binti aliyemlea baba mwenye kiharusi miaka sita, akimgeuza kitandani usiku asiote vidonda, anapewa matanga ya siku chache baba akishafariki, kisha anaulizwa ataanza lini kutafuta kazi.

Siku hizi ushauri wa kujitunza umejaa redioni na kwenye simu. Vijana wanaambiwa wajipende, wajithamini, wajipe muda. Ni ushauri mwema na siudharau. Umewafungua wengi waliodhani kuchoka ni dhambi. Tatizo lake ni kwamba unamwachia mtu kila kitu akifanye peke yake: ajinunulie, ajiliwaze, ajipongeze, ajisimamie. Yule mwalimu anayerudi nyumbani jioni kupika, kukagua madaftari na kumwangalia mama mkwe, tukimwongezea jukumu la kujiliwaza tumemwongezea kazi. Mwenye kuzama hawezi kujivuta kwa nywele zake.

Habari mbili za zamani zinanifaa hapa, na wasomaji wengi wanazijua tangu utoto. Wanaosoma Biblia wanamkumbuka Eliya katika sura ya 19 ya Wafalme wa Kwanza. Ametoka kushinda pale Karmeli, sasa anamkimbia Yezebeli. Anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mti, anamwomba Mungu amwondolee uhai, kisha usingizi unamchukua. Malaika anayetumwa kwake hamkemei kwa kukata tamaa wala hamhubirii. Anamgusa. Anamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji, anamwambia ale. Eliya anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa, anamlisha, kwa kuwa safari iliyo mbele ni ndefu. Mazungumzo mazito kati ya nabii na Mungu wake yanakuja baadaye kabisa, kule Horebu, mwili ukiwa umeshakula na kulala.

Na waliokaa madrasa wanaijua habari ya Salman Mfursi alipomtembelea nduguye Abu Dardaa, akamkuta mke wa mwenyeji amejiachia, hana hata hamu ya kujitengeneza. Mumewe alikuwa akifunga mchana na kusimama kwa ibada usiku, dunia haimshughulishi tena. Chakula kilipoletwa, Salman akakataa kula mpaka Abu Dardaa naye ale. Usiku mwenyeji alipotaka kuamka, Salman akamwambia alale. Akataka tena, akaambiwa alale. Ulipofika mwisho wa usiku wakaamka wakasali pamoja. Ndipo Salman akamweleza kwamba Mola wake ana haki juu yake, nafsi yake ina haki juu yake, na watu wa nyumbani kwake wana haki juu yake, na kila mwenye haki ampe haki yake. Mtume alipoelezwa, alisema Salman kasema kweli.

Katika habari zote mbili aliyechoka hakujitoa mwenyewe. Alikuja mwingine, akaleta chakula, akasimamia usingizi. Lakini wote wawili walikubali. Eliya angeweza kuugeuzia mkate uso. Abu Dardaa angeweza kusema yeye ndiye mwenye nyumba na hapangiwi. Kukubali huko ndiko ninakokuita kukua, na kwa watu wa aina fulani ni kazi ngumu kuliko kufunga mwezi mzima.

Watu hao tunao kila ukoo. Ni yule dada mkubwa anayeitwa kila penye shughuli, anayejua idadi ya sahani na jina la mpishi, anayekula mwisho akiwa amesimama. Ukimletea maji anauliza nani mwingine hajapewa. Akiumwa anakuambia "ni mafua tu", na sauti yake inatoka jikoni. Tumemsifu miaka yote kwa moyo wake, na sifa zetu zimemfunga. Amezoea kuwa wa kutegemewa kiasi kwamba siku akitegemea mtu anahisi amepungua utu. Mtu kama huyu haanguki kwa kishindo. Anaanza kukosa usingizi saa tisa za usiku, kisha kichwa kinamuuma upande mmoja, moyo unamwenda mbio bila sababu, anawakaripia watoto kwa jambo dogo, halafu anajifungia chooni kulia. Zahanati wanampima malaria, haipo. Wanampima presha, imepanda kidogo. Anarudi na vidonge vya maumivu.

Urithi wetu wa fasihi una sehemu yake katika hili. Mwana Kupona binti Msham alitunga utendi wake mnamo 1858, mwenyewe akiwa mgonjwa, akimwachia bintiye Mwana Hashima wasia wa kuishi. Ni kazi iliyojaa mapenzi ya mama, na kila mara ninapoirudia nasikia pumzi ya mtu anayeharakisha kusema kabla hajaondoka. Binti anafundishwa namna ya kumtunza mume: amlaze, asimwamshe kwa kelele, asikose wa kumpepea. Hata hina, manukato na vito anavyoambiwa avae ni haki ya mume. Nani wa kumpepea Mwana Hashima hatuambiwi. Simlaumu Mwana Kupona, aliandika kwa zama zake na kwa hofu ya mzazi anayejua binti yake atabaki katika mikono ya wengine. Ila sisi tunaosoma leo tuna ruhusa ya kuongeza beti tusizozikuta.

Tunahitaji pia kuitazama upya subira. Mvumilivu hula mbivu, tunaambiwa, na ni kweli kwa mkulima wa maembe. Lakini nimesikia methali hiyo ikitumiwa kama kitambaa cha kuziba mdomo: binti anaeleza anavyopigwa, anaambiwa avumilie, kijana anaeleza kwamba haoni maana ya kuamka asubuhi, anaambiwa avumilie, mambo yatapita. Subira ya kweli ina mtu anayekaa nawe wakati unasubiri. Wahenga hao hao walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ningependa methali hii ya pili ipate nafasi sawa na ile ya kwanza katika vikao vyetu.

Nirudi kwa mzazi, kwa sababu kwake ndiko mabadiliko yanakoonekana wazi. Mjini arobaini imepungua sana. Chumba na sebule Mbagala au Kayole. Mama mzazi yuko mkoani, nauli imekopwa, amekuja wiki mbili na shamba linamwita. Baba wa mtoto, akiwa ameajiriwa Tanzania, sheria inamhakikishia likizo ya siku 3. Kenya ni hadi wiki mbili. Mama mwenye ajira rasmi Tanzania ana siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mama ntilie, muuza mitumba na dada wa kazi za ndani asiye na mkataba wana siku zile tu ambazo wana akiba ya kula. Wengine hurudi gengeni na kichanga mgongoni kabla kitovu hakijakauka vizuri.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na katika nchi zinazoendelea makadirio hufika asilimia 19.8. Yaani karibu mmoja kati ya watano. Sonona hiyo ina sababu nyingi, zikiwemo za homoni na za maumbile ambazo uji hauziponyi, na ugumu wa maisha na ukatili wa nyumbani huizidisha. Hata mwenye mama, shangazi na majirani kumi huipata. Lakini mpweke huipata akiwa hana wa kumwona. Kuna dodoso lililotungwa Scotland na kuchapishwa mwaka 1987, lenye maswali 10 tu, ambalo wakunga wa nchi nyingi hulitumia. La kwanza linataka kujua kama siku saba zilizopita mama ameweza kucheka. La mwisho linauliza kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kati ya hayo mawili kuna wasiwasi, hatia, usingizi na machozi. Sihitaji cheti cha uuguzi kumuuliza jirani yangu kama wiki hii amecheka. Nahitaji kukaa mpaka ajibu.

Kukaa mpaka mtu ajibu ni tiba, na kuna mahali walipoipima. Mwaka 2006, mjini Harare katika kitongoji cha Mbare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kufanya kazi na bibi 14, wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa makamo na wazee wasio na shahada yoyote. Zimbabwe ilikuwa na madaktari wa akili wa kuhesabika kwa vidole. Bibi hao walifundishwa kuwasikiliza watu, na mahali pao pa kazi palikuwa benchi la mbao nje ya kliniki, chini ya mti. Watu hawakuja wakisema wana sonona. Walisema wanafikiri kupita kiasi. Bibi alimwacha mtu amwage yote, kisha akamsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, lile linaloweza kuguswa wiki hii. Wakatafuta pamoja hatua moja. Mtu akaenda kuijaribu na kurudi kueleza. Utafiti uliofanywa katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573, na kuchapishwa Desemba 2016, uliwalinganisha waliopata benchi hilo na waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Baada ya miezi sita, dalili za sonona zilionekana kwa asilimia 13.7 ya wa benchini, na kwa asilimia 49.9 ya wenzao.

Wazo hilo limeshavuka mipaka, na Zanzibar nako limefika. Sishangai. Mabenchi tulikuwa nayo kabla ya daktari yeyote kuyafikiria: baraza za mawe za Mji Mkongwe na za Lamu, zilizojengwa pamoja na nyumba ili mpita njia akae. Wanaume wamezikalia vizazi kwa vizazi wakinywa kahawa. Huzungumzia mpira, siasa, bei ya samaki na mashua ya fulani. Mara chache mmoja husema kwamba tangu mkewe afariki hajui aanzie wapi kuishi, na akisema, wenzake humwambia ajikaze. Ningetamani wanaume wa barazani wajue kwamba kiti wanachokalia kinaweza kubeba mzigo mzito kuliko mpira.

Kwa wanawake, benchi mara nyingi ni saluni. Nilikaa siku moja katika saluni ya chumba kimoja Tanga nikisubiri zamu yangu. Mteja alikuwa ameketi kwenye mkeka, katikati ya magoti ya msusi, akisukwa twende kilioni. Kwa mkao huo mteja haoni uso wa mtu. Anautazama ukuta, na kichwa chake kipo katika mikono ya mwenzake. Walikuwa wakizungumzia bei ya uzi, kisha kikapita kimya, kisha yule mteja akauambia ukuta: "Mwenzangu, mimi usiku silali." Msusi hakusimamisha vidole. Akauliza, "Tangu lini?" Akajibiwa tangu Ramadhani. Msusi akamaliza mstari mmoja, akachukua chanuo, akagawanya nywele kwa mstari mwingine, akauliza, "Na nani anajua kama hulali?" Mteja alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe." Waliendelea mpaka adhuhuri. Msusi hakumpa hotuba hata moja. Mwisho alimwambia kesho apite tena, asilipe, amtengeneze tu pale mbele palipolegea, na nilivyotazama mimi hapakuwa na kitu kilicholegea.

Nimelifikiria sana swali lile la pili. Lilikuwa limeingia ndani kuliko lile la kwanza, ambalo hata daktari angeliuliza. Lilitafuta kama yule mama ana mtu. Na mwaliko wa kesho, pamoja na udhuru wake wa nywele, ulimpa nafasi ya kurudi bila aibu. Hapo palikuwa na ustadi mkubwa wa kumtunza mtu anayeona haya kutunzwa.

Usiri ni sharti. Saluni na baraza vina umbea, na aliyewahi kuisikia siri yake ikirudi kwake kupitia mtu wa tatu hasemi tena. Anayetaka kuwa bibi wa benchi kwa jirani yake aanze kwa kuufunga mdomo wake. Na asiye na mtu wa kumwamini kwa sasa anaweza kuanza na daftari. Mwaka 1986 mwanasaikolojia wa Marekani James Pennebaker na mwenzake walichapisha jaribio ambalo wanafunzi waliandika dakika 15 kwa siku nne mfululizo. Walioandika kwa undani juu ya jambo lililowaumiza walikwenda zahanati ya chuo mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Majaribio mengi yaliyofuata yalionyesha kwamba faida ipo lakini kwa kawaida ni ndogo, na si kila mtu inamfaa. Wengine hutoka wameumia zaidi siku za mwanzo. Daftari ni la kuanzia. Haliwezi kukuletea uji.

Kukua, basi, kwa mtu aliyezoea kubeba, kunaonekana katika sentensi fupi sana. "Leo sitaweza." "Naomba unisaidie." "Sijalala wiki nzima." Kila moja ni maneno mawili au matatu, na nawajua watu wenye shahada mbili ambao hawajawahi kuyatamka mbele ya ndugu zao. Mara ya kwanza huja na woga: watasema nimebadilika, watasema nina maringo, mama ataumia. Baadhi watasema kweli. Kikundi cha kina mama kilichozoea kukuona jikoni kila shughuli kitanung'unika siku utakapokaa jamvini na wageni. Kinanung'unika, kinapika, na wali unaiva. Ugunduzi huu kwamba wali unaiva hata bila wewe unauma kidogo, kisha unapumzisha. Nimemwona mwanamke wa miaka hamsini na kitu akiupitia, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeteremshwa mzigo kichwani asiyejua bado afanye nini na shingo yake.

Usingizi nautaja kwa ufupi kwa kuwa hauna maneno mengi: usipolala, hakuna ushauri utakaoshika. Kutembea nako kunasaidia, na viwango vya Shirika la Afya Duniani ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kutoa jasho kidogo, kiwango ambacho wanawake wengi wa vijijini hukipita kwa safari za asubuhi wakiwa na dumu la maji kichwani. Kwao upungufu ni wa kukaa.

Kuna hali ambazo mkandaji, bibi wa benchi na msusi hawaziwezi. Huzuni isiyoondoka wiki mbili na zaidi, kusikia sauti, kutomtaka mtoto uliyemzaa, kufikiria kufa: hayo yanahitaji mtaalamu, na dawa zipo zinazosaidia. Kinachowazuia wengi ni jina. Dodoma ina hospitali ya Mirembe, Nairobi ina Mathari, na majina hayo mawili tumeyageuza kuwa matusi ya mtaani, kiasi kwamba mtu anaona heri afe kuliko kuonekana getini. Sheria nazo zimechangia hofu: katika nchi zetu kujaribu kujiua kuliwekwa miongoni mwa makosa ya jinai tangu enzi za mkoloni. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu mtu huyo kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Uamuzi huo ni wa haki, na majirani wote waufuate. Aliyefika ukingoni mwa uhai wake apokewe na watu wenye mkate na maji, si pingu.

Kwa hiyo ninawaomba wawili. Wewe unayeishi na yule dada mkubwa, usimuulize kama anahitaji msaada; atakuambia hahitaji. Chukua ndoo. Wapeleke watoto kwa shangazi yao tangu asubuhi hadi magharibi. Mwambie alale, akiamka baada ya nusu saa mwambie alale tena. Na wewe ambaye ndiye dada mkubwa mwenyewe, uliyesoma mpaka hapa ukimfikiria mtu mwingine: Jumapili hii, wakikuletea sahani, ipokee, kaa chini, ule chakula kikiwa cha moto, na usiulize nani hajapata.